Mlinzi akikuuliza "Unakwenda kwa nani?"

"Ninaishi mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kampasi ya chuo iliyofunguliwa mkoani kwetu. Getini kuna bango: mhadhara wa wazi kuhusu historia ya mto wetu, usiku wa kuangalia nyota, na siku ya msaada wa kisheria na vipimo vya afya. Chini yake wameandika, 'Bure. Wote mnakaribishwa.' Mwezi uliopita nilivaa vizuri nikaenda kwenye mhadhara mmoja. Mlinzi akaniuliza, 'Unakwenda kwa nani?' Sikuwa na jibu, nikageuka nikarudi nyumbani. Mimi niliishia sekondari. Nina watoto wawili, miaka 9 na 12, na mama yangu ana mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani. Je, kweli mambo haya ni ya watu kama sisi, au ni ya wasomi na hilo neno 'wote' ni lugha ya matangazo tu? Na kama ni bure, nani analipa, na anataka nini kwangu?"

Dada yangu,

Kabla ya kufika kwenye fedha na wasomi, turudi kwanza getini, maana hapo ndipo safari yako ilipokatikia. Nimeratibu shughuli za jamii kwenye kampasi za mikoani kwa miaka mingi, na barua yako imenichoma kidogo, kwa sababu aliyekurudisha nyumbani si mlinzi. Ni sisi waandaaji.

Siku utakaporudi, litazame vizuri lile daftari la wageni. Lina safu ya jina, namba ya simu, saa ya kuingia, na safu moja iliyoandikwa "anayetembelewa". Daftari hilo lilichorwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kumwona mtu: mzazi anayemfuata msajili, fundi aliyeitwa na idara, muuza vitabu mwenye miadi. Mhadhara wa wazi hauna mtu wa kutembelewa. Mlinzi alikuuliza swali la daftari lake, wewe ukalisikia kama swali la hadhi yako. Jibu lake ni fupi: "Nimekuja kwenye mhadhara wa jioni." Kwenye ile safu andika jina la idara iliyotajwa kwenye bango. Akisema hana taarifa, mwombe kwa upole aipigie simu ofisi iliyoandaa, kwa sababu huenda kweli hana. Nimewahi kukaa ukumbini nikishangaa viti vitupu, kumbe walinzi walikuwa wamebadilishana zamu bila kukabidhiana orodha ya shughuli za siku, na watu wanane wamesimama nje wakibishana na kijana aliyekuwa akifanya kazi yake sawasawa. Tangu hapo tangazo la getini nalipeleka kwa mkono wangu. Si kila mwandaaji anafanya hivyo, kwa hiyo lipige picha bango na uende nayo kwenye simu. Chukua na kitambulisho chochote chenye picha, baadhi ya kampasi hukiomba.

Sasa hilo neno "wote". Mara nyingi lina maana ile ile iliyoandikwa, lakini lisome pamoja na maneno yanayolifuata. "Wazi kwa umma" ni wewe, mimi na mpita njia. "Wazi kwa jumuiya ya chuo" ni wanafunzi na wafanyakazi; hapo hukualikwa, na si vibaya kujua mapema. "Bure, jiandikishe" ndilo linalowakanganya wengi: wanadhani kujiandikisha ni kuchujwa. Si hivyo. Ukumbi una idadi ya watu unaoruhusiwa kubeba kwa sababu za usalama wa moto, na mwandaaji anataka kujua aandae viti mia au thelathini. Tena nikuibie siri ya kazi yetu: kwenye shughuli za bure wengi hujiandikisha na hawatokei, kwa hiyo ukiambiwa nafasi zimejaa, fika robo saa kabla uulize kama kuna foleni ya kusubiri. Mara nyingi viti hupatikana.

Unauliza kama mambo haya ni ya watu kama nyinyi. Ukichimba historia yake, utakuta yalianza na watu kama nyinyi. Mwaka 1867 kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge aitwaye James Stuart alialikwa kuwafundisha wanawake katika miji ya kaskazini mwa Uingereza, wakati ambapo vyuo vikuu vya nchi hiyo havikuwapa wanawake shahada. Ilionekana si adabu kijana kuulizana maswali ana kwa ana na wasichana, basi akawa anagawa maswali yaliyoandikwa, nao wanamrudishia majibu kwa maandishi. Alipokwenda kuwahutubia wanachama wa ushirika wa mji wa Rochdale, huko huko kaskazini, siku moja aliiacha michoro yake ikining'inia ukutani akijua atarudi. Wasikilizaji wakaja wenyewe kuitazama na kuijadili, kisha wakamwomba awe anawahi ili waulizane naye kabla hajaanza. Mwaka 1873 Cambridge ikakubali kupeleka wahadhiri wake katika miji ya Nottingham, Derby na Leicester. Watu wa Nottingham wakasikiliza, wakanogewa, wakajenga chuo chao kilichofunguliwa 1881, na leo ni chuo kikuu. Umeona mpangilio wake? Wasikilizaji walitangulia, majengo yakafuata.

Wala hilo si la Waingereza peke yao. Collège de France ya Paris, iliyoanzishwa 1530, hadi leo haitoi shahada wala haidai ada. Mtu huingia, huketi, husikiliza. Gresham College ya London imekuwa ikitoa mihadhara ya bure tangu 1597. Afrika Mashariki, Makerere ilikuwa na idara ya masomo ya nje ya chuo tangu 1953, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania ilichipuka huko mwaka 1960, kabla ya kusimama yenyewe kwa sheria ya 1975. Kwa hiyo mtu asikufanye ujione umedandia gari la wenyewe.

Nani analipa? Chuo kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuihudumia jamii. Ile ya tatu husahaulika haraka, lakini imeandikwa katika hati zinazoanzisha vyuo vingi, na mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo huulizwa amefanya nini nje ya darasa. Wafadhili wengi wa utafiti nao wanataka kuona kwamba matokeo yamewafikia wananchi, na huweka fungu dogo kwa ajili hiyo. Ukumbi wenyewe ulishajengwa, na saa za jioni mara nyingi umekaa mtupu. Msikilizaji mmoja wa ziada hakiongezei chuo gharama yoyote ya maana. Kinacholipiwa ni fundi wa sauti, usafi, mlinzi wa ziada, labda maji ya kunywa.

Halafu kuna sababu ambayo haiandikwi kwenye bango. Kampasi ya mkoani inaishi katikati ya watu. Imechukua eneo, inatumia barabara na maji yao, wanafunzi wake wamepanga vyumba mitaani na wengine wanapiga muziki hadi usiku. Inahitaji majirani waione kuwa ni yao. Wanafunzi nao wanahitaji watu halisi: wa sheria hajifunzi kumsikiliza mteja kwa kusoma kitabu, na wa uuguzi hajui mkono unaotetemeka kwa wasiwasi mpaka aushike. Wanaposema mgeni njoo mwenyeji apone, hapa ni kweli kabisa.

Basi wanataka nini kwako? Jina lako kwenye karatasi ya mahudhurio, kwa sababu idadi hiyo huingia kwenye ripoti. Fomu ya maoni mwishoni. Pengine picha, ukiwa hutaki kupigwa picha wewe au watoto, mwambie mpiga picha, ni haki yako. Na ndiyo, wanatumaini kwamba wewe au mwanao siku moja mtajiunga na chuo. Sioni ubaya, mradi hilo lisifichwe. Mahali pa kusimama na kujiuliza ni pale "bure" inapoanza kuota mikia: ada ya kuhifadhi kiti, malipo ya cheti yanayotakiwa kutumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, au fomu inayouliza namba ya akaunti. Mhadhara hauhitaji namba yako ya siri. Ukiona hivyo, toka ukaulize ofisi ya uhusiano ya chuo kama wanaitambua shughuli hiyo, maana wapo wanaokodi ukumbi wa chuo ili biashara yao ipate sura ya chuo.

Kwenye gharama, niwe mkweli pia kuhusu zile ambazo hakuna anayezitangaza. Kuna jioni yako, chakula cha nyumbani kitakachochelewa, na kurudi gizani. Dakika ishirini za mchana si dakika ishirini za usiku. Tafuta jirani wa kwenda naye, au chagua shughuli za mchana wa Jumamosi mpaka uizoee njia.

Mhadhara wenyewe huwa hivi. Utaingia ukute viti vya mbele vina karatasi za wageni rasmi, vya nyuma vimejaa wanafunzi waliotumwa na mwalimu wao, na katikati kuko wazi. Kaa katikati, pembeni mwa njia, ili ukichoka utoke bila kuwakanyaga watu miguu. Mshereheshaji atatambulisha wakubwa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Hilo nimelipigania miaka yote na nimeshindwa. Mhadhiri atazungumza dakika arobaini hivi, huenda saa nzima. Utapotea mahali fulani. Nami hupotea, na wanaotikisa kichwa kando yako wengi wamepotea pia. Ukipotea, ngoja picha inayofuata kwenye projekta, kwa kawaida hapo mzungumzaji huanza jambo jipya nawe unaweza kudandia tena.

Kisha yanakuja maswali. Nikuombe kitu: kama mada ni mto wenu, usikae kimya. Mtafiti amesoma nyaraka na kupima maji, lakini hajui mto ulipita wapi wakati bibi yako alipokuwa msichana, wala ni mwaka gani kivuko kilihama. Kwenye mhadhara mmoja kuhusu saruji, swali lililomfanya mhadhiri aache kalamu na kufikiri lilitoka kwa fundi mwashi aliyekuwa ameingia kukwepa mvua. Aliuliza kwa nini ukuta wa upande wa jua la jioni hupasuka kabla ya mwingine. Hakuna profesa aliyekuwamo ndani aliyekuwa na jibu la haraka. Swali lako liwe moja, fupi, na lianze na jambo ulilolishuhudia. Ukiona haya kushika maikrofoni, mfuate mhadhiri baada ya kufunga. Wengi husimama pale mbele wakikusanya nyaya zao taratibu, wakitumaini kuna atakayekuja.

Sasa mama yako na shamba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu huumia kwa kutoelewa kliniki ya sheria ya chuo ni kitu gani.

Wanaokuhudumia ni wanafunzi wa sheria, chini ya usimamizi wa mhadhiri au wakili. Huduma yao ni polepole. Mwanafunzi atauliza, ataandika, atakwenda kumuuliza msimamizi, atarudi kuuliza tena. Watu hudhani hiyo ni dalili ya kutojua, lakini mara nyingi mzee aliyezungushwa miaka mingi husikilizwa kwa mara ya kwanza hapo. Wanachoweza kufanya vizuri ni kueleza sheria inasemaje, kupanga nyaraka zako, kukuandikia barua, na kukuonyesha ngazi ya kuanzia. Kusimama mahakamani kwa niaba yako ni jambo jingine. Katika nchi nyingi mwanafunzi haruhusiwi, au anaruhusiwa kwa masharti. Uliza mapema: "Mnaishia wapi?" Na uliza pia nani atabaki na jalada wanafunzi wakifunga chuo, kwa sababu migogoro ya mipaka haiendi likizo.

Mteja ni mama, si wewe. Aje mwenyewe kama anaweza kutembea, au akupe ruhusa ya maandishi, la sivyo watakusikiliza kwa adabu na kukupa ushauri wa jumla tu. Usishangae swali la kwanza likiwa jina la jirani mnayegombana naye. Si umbea. Kama jirani alitangulia kufika kliniki hiyo hiyo, hawawezi kuwahudumia nyinyi pia, kwa sababu watakuwa wamezishika siri za upande wa pili. Wakikwambia hivyo, waombe wakuelekeze kwingine.

Bebeni nakala, siyo nyaraka halisi: hati au karatasi yoyote ya umiliki, makubaliano ya kununua au kurithi, risiti za kodi kama zipo, barua zote mlizoandikiana, mchoro wa mipaka hata kama ni wa kuchorwa kwa mkono. Piga picha alama za mpaka, jiwe, mti au mfereji, na andika majina ya wazee wanaoujua mpaka huo. Lakini sikiliza hili. Kama mama ameshapokea wito wa mahakama au wa baraza lolote, au kuna hukumu mnayotaka kuikatia rufaa, usisubiri siku ya bango. Wito una tarehe, rufaa ina ukomo wa muda, na siku zikipita, haki iliyo wazi kabisa inaweza kukataliwa kusikilizwa. Nenda kesho kwenye masjala ya mahakama au ofisi ya msaada wa kisheria, au kwa wakili, ukiwa na karatasi mkononi. Vivyo hivyo kama jirani ameanza kujenga au kung'oa alama, au kuna vitisho vya kupigana.

Vipimo vya afya vina kasoro ya kufanana na hiyo: watu huvichukulia kama hospitali. Ni uchunguzi wa awali tu. Kazi yake ni kumtambua anayehitaji kwenda kupimwa vizuri zaidi. Chukua shinikizo la damu. Umetembea dakika ishirini juani, umebishana na mlinzi, umeketi, mkono ukaingizwa kwenye kifaa papo hapo. Namba itakayotoka ni ya safari yako. Kaa kwanza dakika tano bila kuzungumza, miguu chini bila kukunja nne, mgongo umeegemea, kibofu kitupu, mkono wazi uliolazwa mezani usawa wa moyo, na uwe hujanywa kahawa wala chai ya majani nusu saa kabla. Foleni ikiwa ndefu, mwanafunzi anaweza kutaka kuziruka dakika hizo tano. Mwombe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 140 kwa 90 na kuendelea, ikionekana katika siku mbili tofauti, ndiyo huitwa shinikizo la juu. Namba moja ya siku moja haikupi ugonjwa. Ikiwa juu, iandikwe pamoja na tarehe, uipeleke kituo cha afya ikapimwe upya. Ikifika 180 kwa 120 na kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, uso au mkono kulegea upande mmoja, kuona ukungu au kichwa kuuma vibaya, hiyo ni dharura. Toka hapo moja kwa moja hospitali.

Na kinyume chake: kama mama anatumia dawa za shinikizo na siku hiyo namba ikatoka nzuri, asiziache. Imetoka nzuri kwa sababu ya dawa. Nimewasikia wengi wakisema "chuoni wamenipima nimepona", na sentensi hiyo hunitisha kuliko namba kubwa.

Kwa sukari, uliza kama wanataka uwe na njaa. Kipimo cha kufunga huhitaji saa nane hivi bila kula, na ukipimwa umeshiba wakati wao wanahesabu umefunga, utaondoka na hofu ya bure.

Kuna mambo mengine ya kampasi ambayo hayafiki kwenye bango, nami nayapenda kuliko mihadhara mikubwa. Maktaba, kwa mfano. Kampasi nyingi humruhusu mtu wa nje kuingia na kusoma humo humo, ingawa si kuazima; uliza kaunta kama kuna kadi ya mwanajamii. Palipo na idara ya muziki, wanafunzi hufanya maonyesho ya mitihani yao mbele ya hadhira, kiingilio hakuna, na wanashukuru kuona sura ambayo si ya mtahini. Hata utetezi wa tasnifu ya uzamivu, pale mwanafunzi wa shahada ya udaktari anapohojiwa kuhusu utafiti wake, mahali pengi uko wazi. Uswidi mtu yeyote aliyeketi ukumbini hupewa nafasi ya kuuliza. Uholanzi mtahiniwa hubanwa kwa dakika 45 kamili mpaka afisa wa itifaki aingie na fimbo yake kutangaza kwa Kilatini kuwa muda umekwisha. Kwenye kampasi yenu, uliza tu idara.

Kozi fupi za jamii, za kompyuta, hesabu za biashara au lugha, ni habari nyingine kidogo. Hizo huwa na maana zaidi kwa mtu mwenye umri wako kuliko mihadhara kumi, kwa sababu unarudi wiki kwa wiki na watu wanakujua jina. Ila zitofautishe karatasi zake. Cheti cha ushiriki kinasema ulikuwepo. Hakihesabiki kama sifa ya kujiunga na masomo wala hakina ithibati, hata kama kina nembo ya chuo ya dhahabu. Ukitaka kurudi shuleni kwa dhati, na nahisi kwenye barua yako kuna kitu cha namna hiyo kimejificha, usikisie kwa kuangalia mabango. Nenda ofisi ya udahili na vyeti vyako vya sekondari, uulize njia za kuingia kwa watu wazima. Hayo ni mazungumzo ya ana kwa ana, na hayana kiingilio.

Ratiba ifuate kwa majira ya chuo. Wiki za mwanzo wa muhula kila kitu kinavurugika, wakati wa mitihani hakuna anayekumbuka jamii, na likizo geti linakuwa kimya. Shughuli nyingi hujazana katikati ya muhula. Piga simu ofisi ya uhusiano au ya huduma kwa jamii, waombe wakuingize kwenye orodha yao ya ujumbe, kwa sababu mitandaoni matangazo hufika siku moja baada ya tukio. Uliza pia kama kuna mkalimani wa lugha ya alama au njia ya mteremko, kama utakuja na mtu anayevihitaji. Hayo yanaandalika yakijulikana mapema.

Ukiniuliza uanze na lipi, nitakwambia usianze na mhadhara. Anza na usiku wa nyota pamoja na watoto. Hakuna wa kuketi mbele wala nyuma, ni giza, wote mko kwenye foleni moja, na profesa anamwinamia mtoto wa miaka 9 kumwonyesha pa kuweka jicho. Waambie mapema kwamba hawataona zile rangi za kwenye picha. Sayari ya Zohali (Saturn), ikiwa angani usiku huo, itakuwa kidoti cha rangi ya maziwa, lakini chenye pete, pete kabisa, na watu wazima hupiga kelele kuliko watoto. Sayari ya Mshtarii (Jupiter), nayo ikiwepo, itaonekana na nukta hadi nne zilizojipanga kando yake, miezi ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mwezi mpevu si mzuri kwa darubini, unang'aa sana na mashimo yake hayana vivuli. Nusu mwezi ndio wenyewe. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, kwa hiyo zima simu, na ukihitaji mwanga funika tochi kwa kitambaa chekundu. Mawingu yakitanda shughuli huahirishwa, hivyo piga simu mchana kabla hamjatoka. Mlinzi atakuuliza unakwenda kwa nani. Mwache mdogo ajibu. Wavalishe sweta, maana kusimama bila kutembea usiku ni baridi kuliko mnavyodhani.